K Moja ya Pointi Kumi

Mama alikuwa ametaja vitu vya kubeba: vyeti vya shule, kadi za kura, blanketi, sufuria moja. Mdogo wangu akabeba boksi la papa, baba yetu, la Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi. Tuligundua tukiwa tayari kwenye boti, katikati ya Ziwa Kivu, mama alipoingiza mkono kwenye begi akitafuta blanketi, herufi zikalia humo ndani kama maharagwe makavu. Hakusema kitu. Alikuwa amechoka hata kugomba.

Ilikuwa mwisho wa Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka jioni ya tarehe 22. Lava ilisimama ukingoni mwa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, lakini ardhi haikutulia, ikatetemeka usiku na mchana, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, sisi na wakazi wa mitaa 10 ya mji. Wengi walishika barabara ya Sake. Mama, ambaye Januari 2002 aliiona lava ikikata mji katikati hadi ziwani, hakungoja kushauriwa. Dada yake mkubwa alikuwa Bukavu, mwisho wa kusini wa ziwa, kule Kadutu. Tukaenda bandarini.

Kwa mama mkubwa tulilala tisa katika vyumba viwili. Mchana tulisikiliza redio. Usiku hapakuwa na la kufanya, na usiku wa tatu mdogo wangu akalitoa lile boksi.

Papa ni mwalimu wa Kifaransa, na nyumbani Goma mchezo ule ulikuwa wake kama vile miwani yake ilivyo yake. Tulicheza kwa Kifaransa tu, kamusi kando, na aliyebuni neno alipoteza zamu. Sasa akapanga ubao juu ya meza, akaanza kugawa herufi saba saba. Mama mkubwa alikuwa amevuta kiti.

“Shemeji, ile Kifaransa mimi sijue. Tucheze mu Kiswahili.”

Papa akatazama ubao, akatazama paa tuliloezekewa bure. Mgeni atasemaje? Akakubali.

Mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba zile herufi zilihesabiwa kwa ajili ya lugha fulani. Boksi la Kifaransa lina herufi 102. E ziko 15. K iko moja tu, nayo ina pointi 10, kwa sababu Wafaransa hawana kazi nayo kubwa. W ni moja, Y moja, Z moja, kila moja pointi 10. Sasa wewe jaribu kusema Kiswahili cha dakika mbili kwa K moja. Ukiitumia kwa kula, huwezi tena kulala wala kukimbia. Kuku haandikiki mpaka upate jokeri, kile kibao kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote. (Baadaye tulibandika sparadra, ile plasta ya vidonda, juu ya E tano tukaziandika K kwa biki. Papa alijifanya hajaona.) Na upande wa pili kuna Q na X, zimekaa tu mkononi mwako kama wageni wasiokula sombe, yaani kisamvu.

Mama mkubwa ndiye aliyeanza. Aliweka PIKA, P yake juu ya nyota ya katikati. Neno la kwanza huzidishwa mara mbili: 30. Papa akaandika bila kuinua macho. Raundi iliyofuata mimi nikatanguliza herufi tatu, ikawa ANAPIKA, na hapo ndipo papa alipoanza kuelewa shimo alilotumbukia. Kwa Kifaransa neno lina mwisho. Kitenzi chetu unakiongezea mbele, unakiongezea nyuma, na kila ukiongeza unahesabiwa neno zima upya.

Mtoto wa mama mkubwa akaweka B. BANAPIKA. B ilikuwa imeangukia kisanduku cha buluu kinachozidisha herufi mara mbili, kwa hiyo 24.

“Hapana,” papa akasema. “Kiswahili sanifu ni wanapika.”

“Banapika! Njo vile tunasemaka, papa. Hata wewe unasemaka vile!”

Kweli alisemaka. Lakini mwalimu akishika kalamu nyekundu haachii. Kwa kuwa kamusi ya Kiswahili haikuwepo, Biblia ya mama mkubwa ikaletwa, ikafunguliwa popote, na ukurasa mzima ulikuwa wa wa-wa-wa. B ikarudi mkononi mwa mwenyewe. Nami muda wote nilikuwa nimeikalia W. Zamu yangu ilipofika nikaiweka palepale kwenye buluu: 20 za W peke yake, 38 kwa jumla.

Tangu hapo kila mtu mezani akawa mtu wa Dar es Salaam. Aliyesema “batoto” kutwa nzima, akifika kwenye ubao anaota “watoto”, kwa kuwa la kwanza ni pointi 8 na la pili ni 15. Sijawahi kuona sarufi ikinunuliwa kwa bei wazi namna ile.

Tuliendelea mpaka mfuko ukaisha, saa tano ikiwa imepita. Mimi nilibaki na E tatu. Papa alikuwa kimya sana. Mama mkubwa akachukua A ya mwisho ya WANAPIKA, akaweka Y juu yake, jokeri chini, kisha A yake ya mwisho. YAYA.

Papa akavua miwani. “Shemeji, yaya ni mtu wa kulipwa, wa kulea watoto wa watu. Wewe umemaanisha ndugu mkubwa. Hiyo si sanifu.”

“Neno si liko?”

“Liko, lakini kwa maana nyingine.”

“Muke wako ananiitaka nani?”

Papa hakujibu. Jikoni mama alikuwa akifunika makaa kwa majivu, hakujua tunabishana nini. Akachungulia mlangoni.

“Yaya, zile samaki za sambaza zimebaki niziweke wapi?”

Papa akaandika 12. Anayemaliza herufi zake huchukua na thamani ya zilizobaki kwa wenzake, kwa hiyo tukafunua mikono. Yake ilikuwa na Q na X. Akaziongeza kwa mama mkubwa, 18, akajikata mwenyewe 18, na akapiga mstari chini yake kwa rula.