Koti la rubani na sufi za mama mkubwa: kumbukumbu ya mradi wangu

4 Oktoba

Nimeanza. Mezani kuna magazeti niliyounganisha kwa gundi, yadi tatu za amerikani ya kukatia mfano, na filimbi moja kuukuu. Wanaofuata kumbukumbu hizi wananijua kwa ndege za mbao. Safari hii ndege nimeiweka kando, nimeshughulika na aliyemo ndani yake.

Ninachoshona ni nakala ya jaketi la kuokolea maisha la marubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, toleo la 1941. Wenyewe waliliita Mae West, jina la mwigizaji wa Kimarekani aliyejaaliwa kifua. Likijazwa hewa, mvaaji anatuna kama yeye. Utani wa askari huo, lakini jina liliganda mpaka likaingia kwenye kamusi za Kiingereza.

Vipimo na picha nimetumiwa na mwenzangu aliyeko Uingereza, anakusanya vitu vya vita. Filimbi pia imetoka kwake, nayo ni halisi: imegongwa 23/230, namba ya bohari ya Wizara ya Anga ya wakati ule. Nimeipuliza mara moja tu. Jirani akatoka na panga kuuliza mwizi kakimbilia wapi.

11 Oktoba

Mfano wa amerikani umekubali mabegani, umekataa shingoni. Nitaufumua.

Usiku nimekaa na picha za jaketi lililotangulia, la 1932. Ndilo walilovaa marubani wengi kwenye mapigano ya angani ya kiangazi cha 1940, juu ya bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Lilikuwa la kijani cha khaki. Kijani! Mtu kaangukia kwenye maji ya rangi hiyohiyo, anatafutwa na ndege iliyo juu sana, naye kavaa nguo ya kujificha. Marubani wenyewe waliona upuuzi huo, wakachukua rangi ya njano ya kupakia ndege wakapaka majaketi yao kwa brashi. Ukitazama picha za mwaka ule utakuta kikosi kimoja kina mwenye njano, mwenye kijani, na mwenye njano iliyobabuka.

La pili ni kwamba lilijazwa kwa mdomo tu. Mrija wa mpira umekaa kifuani, unafungua kizibo unapuliza. Hapa ndipo nilipofanya mchezo ambao mke wangu anausimulia hadi leo. Nimenunua barafu ya wauza samaki, nikaijaza ndoo, nikatia mikono yote miwili dakika tano, halafu nikajaribu kufungua kizibo cha chupa ya maji. Vidole havikuwa vyangu. Nilikishika nikidhani ninakizungusha, kumbe kiganja kinateleza tu juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sijapigwa risasi, sijaungua, sijameza maji ya chumvi. Bahari ya kule si baridi ya barafu, kiangazi huwa nyuzi 15 hadi 17 hivi, lakini mtu hakai humo dakika tano tu.

Ndiyo maana toleo la 1941 lina chupa ndogo ya hewa ukaa na wenzo wa kuivuta. Mkono uliokufa ganzi hauwezi kuzungusha kitu, ila kuvuta unaweza.

25 Oktoba

Nimekwenda Pongwe kwa mama mkubwa kufuata sufi.

Msomaji wa Pwani atacheka, lakini jaketi hili la vita lina sufi ndani. Ndiyo, sufi hizihizi za mito na magodoro. Zaidi ya mfuko wa hewa, lilitiwa vipande vya sufi ili mfuko ukitoboka kibaki cha kumshikilia mtu. Unywele wa sufi una uwazi ndani kama mrija, na nje umepakwa nta ya asili, kwa hiyo maji hayaingii upesi. Pamba ukiitia majini inakunywa inazama. Sufi inakaa juu kama haijakuona.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Sufi za nini tena, na magodoro yamejaa madukani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo Mzungu aliyeanguka na ndege alipona? Nikasema wengine walipona. "Basi chukua," akasema, "lakini zitakazobaki nirudishie, nina mto wa mgeni."

Tumechambua mchana kutwa kwenye mkeka. Mbegu lazima zitoke zote, ukiacha hata chache panya watakutafunia koti. Feni hairuhusiwi, mlango umefungwa, jasho linatiririka na sufi zinakuganda usoni. Nimepata kilo moja na robo safi.

Niongeze hili kwa sababu linanifurahisha. Sufi nyingi za dunia wakati ule zilitoka Java, na 1942 Wajapani wakaiteka. Wamarekani wakabaki bila cha kujazia majaketi. Wakageukia mmea wa porini kwao wenye utomvu mweupe, ambao mbegu zake hupeperuka na nyuzi laini kama sufi, na 1944 watoto wa shule wakatumwa mashambani kuuchuma. Walijaza magunia ya vitunguu. Waliambiwa magunia mawili yanatosha kuokoa roho moja.

15 Novemba

Mfuko wa hewa. Huu ndio ulionitoa jasho kuliko mambo yote.

Wao walikuwa na kiwanda, mimi nina tyubu ya lori na fundi pancha wa pale stendi, Mzee Shabani. Tumekata umbo la kiatu cha farasi, linapita nyuma ya shingo na kushuka kifuani pande zote mbili. Kukwaruza kwa msasa, solusheni, kusubiri, solusheni tena, kubana. Jaribio la kwanza likavuja kwenye kona ya shingo. La pili likavuja palepale. Mzee Shabani akaniambia, "Kijana, kona hiyo umeikata kali mno. Mpira haupendi kona, zungusha." Nikazungusha. Ikashika.

Kisha likaja somo ambalo sikulitarajia. Nina vichupa vya hewa ukaa vya waendesha baiskeli, vya gramu 16. Rafiki aliniletea kutoka Nairobi kwa basi. Viwili vinajaza mfuko wangu vizuri, unasikia mlio mkali na chuma kinaganda kwa baridi mkononi. Nikauacha mezani, nikalala. Asubuhi umelegea. Nikasema pancha. Nikautumbukiza kwenye beseni, hakuna hata povu moja. Nikaujaza kwa mdomo: kesho yake umesimama vilevile.

Mzee Shabani hakushangaa, alishaona baiskeli za watalii. Hewa ukaa hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa ya kawaida. Sasa nimeelewa kwa nini waliotengeneza toleo la 1941 hawakuuondoa ule mrija wa mdomo. Chupa inakusimamisha dakika ya kwanza. Baadaye, ukiwa umetulia na unasubiri boti, unaongeza pumzi zako kidogo kidogo.

6 Desemba

Koti lenyewe limeshonwa, drili ya njano, sindano tatu zimekatika. Mishono ya mabegani nimepitisha mara tatu kwa sababu hapo ndipo mwokoaji anaposhika kumvuta mtu aingie botini.

Leo ilikuwa siku ya vikorokoro. Filimbi imekwishapata kamba yake. Pakiti ya rangi nimeitengeneza tupu, sikuitia kitu, nisije nikaharibu bahari ya watu. Ile halisi ilikuwa na fluorescein, rangi aliyoitengeneza Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871 bila kuwaza marubani kabisa. Ikigusa maji inatandaza doa la kijani kinachowaka, na doa linaonekana kutoka angani kabla kichwa cha mtu hakijaonekana. Katika vifaa vya kuokolea watu baharini, Wajerumani ndio walioanza vita wakiwa mbele, na Waingereza hawakuona haya kuwaiga.

Kamba nyingine ni ya kuungana na boti la mpira la mtu mmoja, ambalo rubani wa ndege ya kivita alilikalia likiwa limekunjwa pamoja na mwavuli wake. Ukianguka, boti lisipofungwa kwako upepo unalichukua unaliangalia hivi. Kamba haina gharama yoyote, na nadhani ndiyo kifaa bora kuliko vyote vilivyomo.

Wamarekani walikuwa pia na pakiti ya kufukuzia papa, aseteti ya shaba iliyochanganywa na rangi nyeusi. Baadaye ilithibitika kuwa papa hawaijali sana. Lakini iliendelea kutolewa kwa miaka, maana mtu aliye peke yake majini usiku anahitaji kitu cha kumwaga.

Waliookolewa walikuwa na chama chao. 1942 Charles Robertson, mkuu wa wachora michoro ya ufundi wa kampuni ya P. B. Cow iliyotengeneza vifaa hivi, alianzisha Goldfish Club. Kiingilio ni kuangukia majini ukatoka hai. Beji yake ni samaki wa dhahabu mwenye mabawa juu ya mawimbi mawili ya buluu, na wengi waliishona chini ya mfuniko wa mfuko wa kifuani, isionekane, kwa kuwa si sare. Nimejaribu kuidarizi. Samaki wangu anafanana na changu aliyevimba. Nimeiacha hivyo.

20 Desemba

Leo sikushika sindano. Nimesoma habari za Dakta Edgar Pask na sina raha na koti langu.

Pask alikuwa daktari wa nusukaputi, akifanya utafiti kwa RAF huko Farnborough. Swali lililowasumbua lilikuwa dogo: jaketi linafanya nini kama mvaaji amezimia? Ukimvalisha mtu mzima wa afya ukamwambia alegee, anakudanganya bila kukusudia. Shingo inajikaza, pumzi inabanwa, mguu unasukuma kidogo. Kwa hiyo Pask akajitoa mwenyewe. Profesa Robert Macintosh wa Oxford akampiga nusukaputi ya itha, akamtia mrija wa kupumulia kooni, wakamvalisha jaketi wakamtupa kwenye bwawa. Wakatazama. Wakamtoa, wakabadilisha jaketi, wakamrudisha. Majaribio mengine walifanya kwenye studio za filamu za Ealing, ambako waliweza kutengeneza mawimbi.

Majaketi yaliyodhaniwa mazuri yalimwacha uso majini. Mtu angezama polepole huku akielea.

Matokeo hayo wawili hao waliyachapisha kwenye jarida la kitabibu 1957, miaka zaidi ya kumi baada ya vita. Pask alifariki 1966, na watu humwita shujaa wa RAF ambaye hakurusha ndege hata siku moja.

Kinachonikosesha raha ni hiki. Mimi vipande vya sufi nimevigawa sawasawa, viwili kifuani viwili mgongoni, kwa sababu koti linakaa vizuri likitundikwa. Nimeshona kwa ajili ya ukuta.

10 Januari

Raskazone, saa moja asubuhi, kaskazi imetulia, maji yanajaa. Nimekwenda na mdogo wangu Hamisi, na Mzee Kombo kakubali kukaa karibu na ngalawa yake. (Kwa anayetaka kuniiga: hiki ni kitu cha kumbukumbu. Usikivae ukaenda nacho baharini badala ya boya la kweli.)

Jaribio la kwanza nikavaa mwenyewe. Vuta kamba, hewa ukaa ikaingia, nikanyanyuliwa kidevu. Raha tupu. Kisha nikajilaza kifudifudi, nikalegeza mwili, nikasubiri koti linigeuze. Nikajikuta chali. Hamisi akapiga makofi. Mzee Kombo akatema mate pembeni akasema, "Umegeuka mwenyewe wewe. Nimekuona kiuno."

Basi, Pask ametimia. Tukatoa yule mtu wa magunia niliyemshona wiki iliyopita, tumbo la chupa tupu, miguu ya mchanga, kichwa cha mchanga kwenye kibuyu. Si mtu, najua, lakini hana hila. Kwanza tulimjaribu koti likiwa halina hewa, sufi peke yake. Tukamweka chali, akakaa chali. Tukamweka kifudifudi, akabaki kifudifudi, mgongo umeinuka juu ya maji kama kasa na kibuyu kinaning'inia chini. Sufi za mgongoni ndizo zilizomshikilia hivyo. Tukajaza mfuko wa hewa. Akayumba upande, akafika nusu, akarudi kifudifudi.

Mara nne. Mzee Kombo hakusema kitu tena. Tukamtoa.

14 Januari

Nimefumua mgongo wote. Sufi zote naziweka kifuani na kipande chembamba nyuma ya shingo, kushika kichwa. Mshono wa shingo, ule aliokuwa akinisifia kila aliyeuona, umekwenda nao. Koti sasa limetutumka mbele, likitundikwa linainama kama mtu anayetafuta shilingi chini. Jaribio jingine Jumamosi ijayo maji yakikubali, na yule mtu wa magunia nimempunguzia chupa mbili za tumboni.

Mama mkubwa kapiga simu jioni kuulizia sufi zake zilizobaki. Nimemwambia zipo, gunia dogo, nimezianika uani tangu juzi, ila mgeni wake akilalia atahisi chumvi.