Nilivyoweza kufuatilia mashine za kutotolesha za mama nikiwa Dar, kwa Python na paho-mqtt

Mama yangu anatotolesha vifaranga Mafinga, mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Siku hizi joto la mashine zake likiyumba najua kabla yeye hajaingia kwenye chumba cha mashine, na umeme ukikatika usiku meseji inaingia kwenye kitochi chake. Kazi yote inafanywa na bodi ndogo za ESP32 (vikompyuta vidogo vyenye Wi-Fi) nilizonunua Kariakoo kwa elfu ishirini na kitu kila moja, programu fupi ya Python, na maktaba inayoitwa paho-mqtt. Naandika haya kwa sababu najivunia, na pia kwa sababu njiani nilipewa ushauri mbovu mwingi, na baadhi yake ulinila hela.

Kwa asiyejua habari za mayai: mashine yenye feni inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5 hivi, kwa siku 21. Yai hustahimili kupoa kwa muda kuliko linavyostahimili joto kupita kiasi. Joto likipanda kwenye 40 na kuganda hapo, andika hasara. Na Mafinga ya Juni na Julai ni baridi kali, umeme ukiondoka saa nane za usiku chumba kinapoa haraka. Mama alikuwa anaamka kila baada ya muda kwenda kuangalia kipimajoto kwa tochi. Sikutaka aendelee hivyo.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba bodi itume taarifa kwenye tovuti yangu kila sekunde, kama kivinjari kinavyofanya. Aliyenishauri hajawahi kulipia bando la mashine inayokaa hewani usiku na mchana. Mimi nilichagua MQTT, itifaki ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi, ambayo paho-mqtt huiwezesha kwenye Python. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na hayaaminiki. Hali hiyo naijua vizuri, ndiyo hali ya chumba cha mashine cha mama. Vichwa vya ujumbe wake vinaweza kuwa baiti mbili tu. Bodi inafungua muunganisho mmoja kwenda kwa broka, yaani seva inayopokea ujumbe na kuugawa, na kuuacha wazi, inatuma joto chini ya mada fulani, na programu ya Python iliyoomba mada hiyo inaletewa. Bodi na Python hazitafutani moja kwa moja, kwa hiyo huhitaji anwani ya kudumu ya intaneti kijijini, kitu ambacho laini ya simu ya kawaida haikupi.

Broka niliyotumia ni Mosquitto, kwenye seva ndogo ya kukodi ambayo kwa mwezi hainigharimu sana kuliko trei moja ya mayai. Kuna waliosema nitumie broka ya bure ya majaribio iliyo wazi kwa dunia nzima. Ingia pale, omba mada zote kwa alama ya #, utaona vipimo vya watu usiowajua vikimiminika. Na yeyote anaweza kutuma chini ya mada yako. Mtu wa mbali akituma "joto 20" kwa utani, mama ataamka bure. Weka yako, yenye nywila, kwenye mlango 8883 wenye usimbaji. Na jua kwamba Mosquitto kuanzia toleo la 2.0 husikiliza ndani ya seva yenyewe tu mpaka uandike mstari wa listener kwenye faili la mipangilio. Watu wengi hukwama hapo wakidhani shida iko kwenye Python.

Upande wa Python, mafunzo mengi utakayoyakuta ni ya zamani. Paho toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2024 na likabadilisha namna ya kuanza. Ukinakili mfano wa zamani, programu inaweza kugoma palepale mwanzoni ikilalamikia toleo la callback, yaani vitendakazi ambavyo paho huviita yenyewe tukio likitokea. Niliambiwa nirudi kwenye maktaba ya zamani, nikakataa. Sioni sababu ya kuanza mradi mpya kwa kitu kilichoachwa nyuma wakati marekebisho ni madogo: hoja ya kwanza ya mqtt.Client iwe mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2, na kitendakazi chako cha on_connect, kinachoitwa ukishaunganishwa, kipokee vitu vitano badala ya vinne. Dakika tano, umemaliza.

Na maombi ya mada, yaani subscribe, yaandike ndani ya on_connect. Ukiyaandika nje, muunganisho ukikatika na kurudi, paho itaunganisha yenyewe vizuri kabisa lakini hutaletewa kitu, kwa sababu broka imesahau ulichoomba. Programu iko hai, seva iko hai, bodi inatuma, na wewe una kimya.

Sasa nieleze lililonitesa. Mashine ya kwanza ilikaa vizuri kwa wiki kadhaa, mama akaongeza ya pili. Fundi aliyekuwa ananisaidia kulehemu akapakia programu ileile kwenye bodi ya pili, akabadilisha mada tu, akaifunga ukutani. Kuanzia jioni ile zote mbili zikaharibika. Taarifa inaingia, kimya. Inaingia tena, kimya. Mashine ya kwanza, ambayo haikuwa imeguswa na mtu, nayo ikawa inapotea hewani kila baada ya sekunde chache.

Nikauliza watu. Mmoja akasema mnara umelemewa, nibadili mtandao. Nikatuma hela, mdogo wangu akanunua laini nyingine. Haikubadilika kitu. Mwingine akasema ruta ni dhaifu, inatakiwa yenye antena za nje, laki na kitu ikaondoka. Haikubadilika kitu. Wa tatu ndiye aliyenikera zaidi, kwa sababu anaandika programu kwa kazi: akasema niweke while True kwenye Python, niite connect upya kila nikikatika, na time.sleep katikati. Kwanza, loop_forever ya paho inafanya hivyo yenyewe, na ukitaka kupanga muda wa kusubiri kuna reconnect_delay_set. Pili, Python haikuwa inakatika. Zilizokuwa zinakatika ni bodi, na hilo nililisema mwanzoni kabisa.

Mwishowe nikaacha kuuliza. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia achomoe bodi ya pili kwenye umeme. Ya kwanza ikatulia palepale. Nikamwambia airudishe, zote mbili zikaanza tena vurugu. Achomoe ya kwanza, ya pili ikatulia kama vile haijawahi kuwa na tatizo. Mnara hauwezi kufanya hivyo, wala ruta. Bodi zenyewe zilikuwa zinafukuzana. Nikaingia kwenye seva nikafungua kumbukumbu za Mosquitto, na pale mstari mmoja ulikuwa umejirudia kurasa kwa kurasa: already connected, closing old connection.

Kila anayejiunga na broka ya MQTT anajitambulisha kwa jina, client ID. Sheria ya itifaki ni kwamba akija mgeni mwenye jina ambalo tayari liko ndani, aliyekuwepo anatolewa. Fundi alikuwa amenakili programu pamoja na jina. Bodi ya pili ikiingia, ya kwanza inatupwa nje. Ya kwanza imeandikwa ijiunge upya ikikatika, kwa hiyo inarudi na kuitupa ya pili. Ya pili nayo inarudi. Zingeendelea hivyo mpaka leo.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: jina la bodi litokane na anwani yake ya MAC, namba ya kifaa chenyewe, ambayo haifanani na ya bodi nyingine. Tangu siku hiyo hakuna bodi iliyomfukuza mwenzake. Kwa hiyo ukiona vifaa vinaingia na kutoka kwa zamu, kabla hujanunua antena yoyote, soma kumbukumbu za broka. Na kama unaendesha programu ileile ya Python kwenye seva na kwenye laptopu yako kwa wakati mmoja, laptopu usiipe jina kabisa, broka itaitafutia lake.

Kuna usiku mwingine meseji ilimwambia mama kwamba mashine ya kwanza iko nyuzi 85. Mdogo wangu akakimbia, akafungua mlango wa mashine, baridi ikaingia. Ndani palikuwa sawa kabisa. Sensa yangu ya joto ni DS18B20, nzuri na ya bei nafuu, ila ikiwashwa tu, kabla haijamaliza kipimo cha kwanza, thamani iliyomo ndani yake ni 85. Kipimo kamili kinaweza kuchukua hadi milisekunde 750, na bodi ilikuwa imesoma mapema baada ya umeme kurudi. Ukikuta minus 127, hiyo ni maktaba ya upande wa bodi inakwambia sensa haionekani, mara nyingi waya umelegea.

Hili nililirekebisha kwenye Python, na huo ndio msimamo wangu kwa mradi wote. Bodi iseme tu inachokiona, maamuzi yafanyike kwenye Python. Kubadilisha kitu kwenye seva nafanya nikiwa Kimara baada ya kazi, kubadilisha bodi ni kupanda basi. Sasa 85 kamili inatupwa, minus 127 inatoa meseji ya kuangalia waya, na joto halisi likivuka mipaka lazima liendelee hivyo kwa vipimo kadhaa mfululizo ndipo mama asumbuliwe. Usahihi wa sensa niliuhakiki kwa kipimajoto cha homa, kile cha duka la dawa. Kinapima katikati ya nyuzi za binadamu, na hapohapo ndipo mayai yanapokaa.

Ninachokipenda kuliko vyote katika mradi huu ni habari ya umeme. Umeme ukikatika, bodi inazimika, na ruta inazimika nayo. Sasa nani atatoa taarifa? Niliambiwa ninunue betri, sola, na kifaa cha kubadilisha umeme, hesabu ikapita laki tano, ili bodi ibaki hai itume ujumbe mmoja wa kusema umeme haupo. Nikarudi kusoma itifaki, nikakuta walioibuni walishalifikiria hilo. Bodi inapojiunga, inaiachia broka wosia: nikipotea bila kuaga, tangaza maneno haya chini ya mada hii. Mimi niliandika mada mafinga/mashine1/hali na neno "imezimika". Ikishajiunga, bodi inatuma "ipo" chini ya mada ileile, na ujumbe wa mwisho wa hali unahifadhiwa na broka, kwa hiyo hata Python ikianza upya inajua papo hapo nani yupo na nani hayupo. Bodi zangu zina keepalive, yaani muda ambao bodi haitakiwi kuupitisha bila kutuma chochote, ya sekunde 15, na broka husubiri mara moja na nusu ya muda huo, kama sekunde 22, ndipo itangaze.

Siku ya kujaribu, mdogo wangu alikuwa kwenye simu. Akaniambia amechomoa ruta na bodi kwa pamoja. Tukaendelea kuongea, na kabla nusu dakika haijaisha neno "imezimika" likatokea kwenye skrini yangu, limetumwa kwa niaba ya kifaa ambacho hakikuwa na umeme hata kidogo. Nilishangilia kwa sauti mpaka jirani akagonga mlango.

Mtandao wa simu unayumba kidogo kila mara, kwa hiyo Python inasubiri dakika chache. "Ipo" ikirudi, haisemi kitu. Isiporudi, inatuma SMS: "Mama, mashine 1 haipatikani, kaangalie umeme. Usifungue mlango wa mashine." Bando likiisha meseji inakuwa hiyohiyo, na sijali, kwa sababu kwa vyovyote lazima mtu aende kuangalia. Tahadhari moja: hifadhi hali tu, usihifadhi joto. Joto lililohifadhiwa litakuletea kipimo cha jana usiku kana kwamba ni cha sasa hivi. Ukilazimika, angalia msg.retain kwenye Python, inakwambia kama ujumbe umetoka ghalani.

Ukitumia loop_start, inayoendesha mawasiliano kwenye uzi wa pembeni, badala ya loop_forever, zungushia on_message yako, kitendakazi kinachopokea ujumbe, try na except na uandike kosa kwenye faili. Ujumbe mtupu ukifika na wewe ukaita float juu yake, uzi wa mawasiliano unakufa huku programu kuu ikiendelea kuonekana nzima. Na ujumbe mtupu hufika kweli, maana ndivyo unavyofuta ujumbe uliohifadhiwa.

Mwezi uliopita mama amenunua mashine ya tatu. Python yangu tangu mwanzo iliomba mafinga/+/joto na mafinga/+/hali, ile alama ya kujumlisha ikisimama badala ya jina la mashine yoyote. Mdogo wangu akapachika bodi mpya, akaiwasha, na joto la mashine3 likaanza kuingia. Kwenye seva sikugusa herufi hata moja.