Ukucha wa baba mdogo

Leo asubuhi nimemsindikiza baba mdogo kuangalia ng'ombe wake wawili, huku pembeni ya Goma.

Kama kawaida yake, anang'oa kupe kwa vidole na kuwapasua kwa ukucha. Paa! Damu nyeusi kwenye kidole gumba.

Halafu mkono huohuo ukaninyooshea hindi la kuchoma.

Nikamwambia: baba, kuna homa ya kutoka damu inayoletwa na kupe, inaitwa homa ya Crimea-Kongo. Hata jina lake limebeba Kongo, maana mwaka 1956 virusi vyake vilipatikana hapa kwetu. Na damu ya mnyama pia inaambukiza.

Akacheka. "Nimepasua kupe tangu utoto, mwanangu."

Hindi nimelila (njaa, msinihukumu). Lakini ule ukucha bado nauona.

Wenye ng'ombe kule Masisi, nyinyi kupe mnawatoa namna gani?