Maharage yakiwa jikoni, tunasoma

Tangu 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazina ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na mtaani kwetu wapo wazazi wanaoona kazi yao imekwisha. Mimi sikubali. Jioni nikishainjika maharage, binti yangu wa darasa la pili huvuta kigoda akanisomea: kwanza hadithi ya kitabuni, kisha maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Akikwama simtajii neno, namwacha aunganishe silabi mwenyewe, hata tukikawia. Hesabu ni dukani. Yeye ndiye anayekokotoa chenji. Vikao vya wazazi tunakwenda, mimi au baba yake. Mwalimu ana darasa limejaa. Tusipomwambia kwamba mtoto haoni vizuri ubaoni, atajuaje?