Dari la gari halitaki pini

Mimi nilipewa pini kabla hata sijauliza. Nimeegesha barazani Kibokoni, Mombasa, nateremka, mzee mmoja akachungulia ndani, akaona kitambaa cha dari kimelegea mpaka kinagusa vichwa vya viti. "Piga pini, mwanangu, yaishe." Wa pili akasema si pini, ni gundi ya washona viatu: uivute kwa bomba la sindano, utoboe kitambaa, uipige ndani. Wa tatu akasema mvuke wa pasi. Wa nne hajapata kumiliki gari maishani mwake, lakini naye alikuwa na lake: nibandue kitambaa chote, nipake rangi. Wote wakanywa kahawa, nikalipa mimi.

Gari lenyewe ni hachibeki ya mwaka 1999. Injini haina neno, breki nzima, lakini abiria wa nyuma walikuwa wakisafiri kama waliolala ndani ya chandarua. Tukivuka daraja la Nyali madirisha wazi, kitambaa kinajaa upepo na kioo cha nyuma hakionekani kabisa. Siku niliyompeleka mama mkwe Likoni, alikishika kwa mkono mmoja njia nzima, na tuliposhuka akaniambia "pole, baba" kwa sauti iliyoniuma kuliko tusi.

Sasa, kabla hujachoma pini, vuta kitambaa pale kilipoachana usugue nyuma yake kwa kidole. Kidole kitatoka na unga wa manjano unaonata kidogo. Huo unga ndio habari yote. Kitambaa cha dari hakikubandikwa moja kwa moja kwenye ubao wa dari, lile bamba gumu lililo chini ya bati. Nyuma yake kuna sponji nyembamba, kama milimita tatu hivi, na sponji ndiyo iliyogandishwa. Joto na unyevu huila sponji hiyo mpaka inageuka vumbi, na hapa kwetu joto na unyevu havina likizo. Kitambaa kizima, gundi ya zamani bado imeshika ubao, kilichokufa ni cha katikati. Ukipiga gundi mpya pale, unagandisha vumbi kwa vumbi. Pini nazo hushika pale zilipochomwa tu, na baina ya pini na pini kitambaa kinatumbukia upya. Mvuke wa pasi unaweza kusaidia pembe ndogo iliyoachana huku sponji bado hai, basi.

Ami yangu ndiye aliyekubali ile sindano. Fundi mmoja wa barabarani alimtoboatoboa dari asubuhi nzima, akambandika, akamwambia asifungue madirisha mpaka kesho. Kwa siku chache lilipendeza, hata mimi nilianza kuona wivu. Kisha gundi ikapenya, madoa ya kahawia yakatokea juu ya kitambaa cheupe, na jua kali lilipokuja kitambaa kikashuka kile kile, ila sasa kina magamba magumu yanayokwaruza kichwa. Ami ana upara. Sitasema zaidi.

Mafundi wa viti vya magari wanaifanya kazi hii vizuri tu, ila bei niliyotajiwa ilianzia elfu kumi na kitu, "na kitambaa utaleta wewe". Nikaamua kufanya mwenyewe.

Kitambaa nilikihangaikia Biashara Street, na huko ukisema kitambaa unaonyeshwa leso na mapazia. Mapazia hayafai, leso ndiyo kabisa. Unataka kile chenye sponji nyuma, na kivutike pande zote mbili, maana ubao wa dari una mabonde na vilima, na kitambaa kisichovutika kitakunja tu kwenye kila bonde. Nilikivuta pale dukani, marefu na mapana, mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi. Nilichukua mita mbili na nusu. Chukua rangi ya kijivu au ya mchanga. Nyeusi ina joto na inaonyesha kila unyoya.

Gundi ndiyo iliyokuwa vita. Kila mtu anaapa kwa yake. Basi nikasema sibishani na mtu, jua litaamua. Nikachukua kipande cha ubao, nikagandisha vipande vya kitambaa kipya: kimoja kwa gundi ya washona viatu, kimoja kwa ile nyeupe ya maseremala, kimoja kwa gundi ya kopo ya kupuliza ambayo kopo lenyewe limeandikwa inastahimili joto kali. Kila kipande nikakiacha pembe moja huru, nikaifunga nati nzito kwa uzi. Kisha nikaugeuza ubao, vitambaa vikaangalia chini, nikaulaza juu ya vichwa vya viti, nikafunga madirisha na kuliacha gari uwanjani juani tangu asubuhi.

Watoto wa mtaa wakajaa vioo vyote. Wakagawana timu. Gundi ya viatu ilikuwa na mashabiki wengi kwa sababu mjomba wa mmoja wao ni mshona viatu. Kabla ya adhuhuri nati ya kwanza ikalia kwenye sakafu ya gari: maseremala nje. Ya viatu ikapigana kiume. Ilianza kuteleza taratibu, ikitoa nyuzinyuzi, watoto wanaishangilia na kuisihi, lakini alasiri ikaachia. Ya kopo haikusogea. Nikaiacha na kesho yake, nikaiongezea nati ya pili, haikusogea. Siidharau gundi ya viatu. Lakini kiatu hakifungiwi madirisha na kuachwa juani mchana kutwa, na ndani ya gari lililofungwa joto hupita digrii 50 bila shida, juu karibu na bati ndiko kubaya zaidi.

Makopo yalinitoka elfu moja na mia kadhaa kila moja. Mawili yalitosha, la tatu nililinunua kwa woga.

Kuushusha ubao si kazi ya kusimuliwa, utang'oa kwanza vyote vinavyoushika: vibao vya kukinga jua, vishikio vya juu ya milango, taa, plastiki za nguzo, raba za milango. Screw weka ndani ya vikombe tofauti. Gari lako likiwa na mifuko ya hewa (airbag) pembeni mwa dari, utaona imeandikwa kwenye plastiki za nguzo. Hapo mpe fundi anayeijua, usichokonoe. Langu halina. Laza viti vya mbele, ng'oa vichwa vya viti, utoe ubao kupitia mlango wa buti, na muwe wawili, kwa sababu ubao huo unapinda kidogo tu, ukizidisha unavunjika na hapo umeingia gharama nyingine.

Kusugua ndiko kutakakokuchosha. Brashi laini ya nguo, si ya waya, kwa sababu ya waya inachuna ubao. Funga pua na mdomo. Na angalia upepo unakotoka! Kaskazi ilikuwa inavuma, mimi nasugua kwa raha zangu, ule unga wote ukaenda kutua kwenye kanzu nyeupe za jirani zilizoanikwa kwa ajili ya Ijumaa. Nilizifua mwenyewe. Zilitakata kuliko zilivyokuwa, nami nilimwambia hivyo, hakucheka.

Sugua mpaka ukipitisha kiganja hakitoki na kitu. Halafu tandaza kitambaa juu ya ubao, kizidi kama sentimita sita kila upande, ukunje nusu yake irudi nyuma. Puliza gundi kwenye ubao na pia kwenye mgongo wa kitambaa, kwa ukungu mwembamba. Ukimwaga nyingi itapenya na kutoa madoa ya ami. Kisha ngoja. Hapa ndipo watu wa haraka huharibu. Gusa kwa kidole: ikinata lakini haitoki na kidole, tayari. Kivulini, tena, si juani, maana juani inakauka kabla hujafika nusu. Anza katikati, telezesha kiganja kwenda nje, bonde likija ingia nalo kwanza ndipo upande kilima, usikivute kitambaa kikawa daraja juu ya bonde. Usikandamize kwa nguvu, sponji italala na alama haitaondoka. Ukimaliza nusu ya kwanza, kunja ya pili, rudia. Tundu za taa na vishikio zikate baada ya gundi kukaa vizuri, alama ya msalaba tu, ncha uzikunje nyuma.

Mimi niliuacha usiku kucha ndani ya nyumba, ubao umeegemea friji, mke wangu akipita kwa upande.

Ilikuwa Januari, na msimu wa kaskazi ndio nitakaokushauri wewe pia; masika hewa ina maji mno, gundi inasinzia. Hesabu yote, pamoja na soda za watoto na sabuni ya kanzu, haikufika elfu saba. Ami kaniletea gari lake Jumapili, kaja na makopo yake mwenyewe, na kofia.