Kilicholia kiunoni mwa mzee

Juzi usiku kitindamimba wangu alikuwa sebuleni anavunja vidole, ko, ko, ko, kimoja baada ya kingine. Nikamwambia aache. Akaniuliza, "Mama, kwani nini kinalia?"

Nikamweleza ninavyojua sasa. Ni gesi. Ndani ya kiungo kuna ute, na ukikivuta ghafla povu linajitengeneza humo, ndiyo mlio wenyewe. Hakuna mfupa uliotoka wala uliorudi. Akaridhika, akaendelea na vidole vyake. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Maana mwaka 2011, kule Mpunguzi, Dodoma, nilimwambia mzee wa watu kinyume chake.

Enzi zile nachua kwa mikono niliyorithi kwa shangazi na cheti cha kozi ya wiki nne. Mzee aliletwa na mwanawe kwa bodaboda, Agosti, zabibu zinavunwa, kapinda kama ndoana. Kreti ilimshinda. Nikamlaza kifudifudi mkekani, nikapasha mafuta ya alizeti kwenye kikombe cha bati. Shingo yake ilikuwa imeungua jua mpaka inapasuka, lakini kiunoni, ambako shati halijawahi kutoka, ngozi ilikuwa laini kama ya kichanga. Sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko yote. Nikashuka na dole gumba, pingili baada ya pingili. Nilipofika kiunoni kabisa akafyonza pumzi kwa meno. Nikaegemea kwa uzito wangu wote.

Ko!

Mpaka mwanawe aliyekuwa mlangoni aliisikia.

"Imerudi," nikasema, na sauti ya ubingwa kabisa. "Pingili ilikuwa imehama, mzee. Sasa usiiname tena, itatoka."

Akasimama. Akazunguka ua mzima bila kushikwa. Nikalipwa elfu tano na ndoo ya zabibu.

Halafu chuo, mitihani, koti jeupe, hayo mnayajua. Huko ndiko nilikojifunza kwamba pingili zimefungwa kwa kano ngumu, hazihami kwa kreti moja. Kwamba maumivu mengi ya kiuno ya ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na kuchua hutuliza kwa muda tu, bila kupanga mfupa wowote. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa chochote: wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao, vile vitakia vya katikati ya pingili, zilishaanza kuchakaa, wenye miaka 80, asilimia 96. Kama mvi tu. Ila mtu anayeogopa kuinama, maumivu huweza kumkalia muda mrefu. Hapo niliposoma nikafunga daftari.

Mwaka 2019 nikarudi. Tukasalimiana Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi. Mzee yuko kwenye kigoda kivulini, shamba kawagawia wanawe. Tukiwa tunaongea fimbo yake ikaanguka. Hakuiokota. Alinyamaza, akaitazama, akangoja, mpaka mjukuu alipokuja mbio kuiokota na kumpa, bila kuambiwa, kama kazi ya kila siku. Miaka minane.

Nikamwambia. Kwamba haikuhama, kwamba nilikosea, kwamba aanze kuinama kidogo kidogo.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, umesoma mpaka umesahau. Si wewe mwenyewe uliisikia ikirudi?"

"Ilikuwa gesi, mzee."

"Gesi!" Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Jamani, mgongoni mwangu mna gesi!" Na mwanawe naye akacheka, na mimi, ningefanyaje.

Mlio ule aliusikia kwa masikio yake. Maneno yangu ya sasa hayana mlio. Na ukweli ni kwamba siku ile aliondoka wima, sasa nimbishie kwa lipi?

"Basi nichue kidogo," akasema. "Mafuta yamo ndani."

Wakayaleta. Nikamchua polepole, kwa viganja tu, huku naomba kisilie kitu.