Chuo kilinifundisha ajali, fundi akanifundisha kazi

Nilipomaliza shahada ya usalama wa anga, ajali ya Tenerife ya 1977 ningeweza kukusimulia dakika kwa dakika: ukungu, sauti za redio zilizogongana, ndege mbili kwenye njia moja ya kurukia, watu 583 wakafa. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kile cha usimamizi wa usalama kilichotoka 2013, nilikuwa nimekikariri karibu chote.

Wiki ya tatu kazini, zamu ya usiku, fundi mmoja mtu mzima akanifuata karakanani. "Mdogo wangu, tochi yangu siioni."

Paneli, vile vifuniko vya mwili wa ndege, zilikuwa zimeshafungwa na ndege inaondoka alfajiri. Mimi nikachomoa fomu ya ripoti. Jina lako? Namba ya kitambulisho? Uliiona mara ya mwisho saa ngapi? Nikamwona uso unabadilika. "Basi, acha, nitaitafuta mwenyewe."

Hapo nikashtuka. Nikaiweka fomu chini, nikamwambia twende wote. Tulifungua paneli moja baada ya nyingine, tukianzia aliyoifunga mwisho. Ya nne, tochi hiyo, imelala kando ya kebo za usukani. Ndege ilichelewa na msimamizi wa zamu alinuna. Ripoti tuliiandika asubuhi, tumekaa, kwa maneno yake mwenyewe.

Sisemi chuo hakina maana. Bila chuo nisingejua kwamba tochi ndogo vile inatosha kukwamisha usukani. Lakini tulisoma pia ile ajali ya Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kilichong'oka angani kwa sababu boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Zilichaguliwa usiku, kwa kulinganisha kwa macho na za zamani. Kwenye mtihani nilijibu: uhaba wa watu, haraka, kitabu hakikufunguliwa. Nikapata alama zote. Wala sikujiuliza, kama mtu yule aliyezichagua boliti angeingiwa na wasiwasi usiku ule, angemwambia nani, na huyo angempokeaje?

Hilo la kumpokea mtu halikuwa na hata kipindi kimoja katika miaka yangu yote ya chuo. Tulichambua ripoti mamia. Hatukuwahi kukaa mbele ya mtu anayeogopa kuiandika.

Siku hizi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakija kwetu, nawaanzishia zamu ya usiku. Fomu nawapa wiki ya pili.